Ndizi za Mkuyuni

Mama alipoanza kuumwa, nilitumwa sana chumvi. Kila shangazi, dada yake baba, alipotaka kuzungumza naye mambo ya hospitali, mimi niliambiwa nikimbie dukani, hata kopo likiwa limejaa pomoni. Nikirudi naambiwa ni malaria tu. Hiyo malaria tu ndiyo tuliyoizika nikiwa kidato cha tatu, na tangu siku hiyo sikumwamini tena mtu mzima yeyote.

Baada ya msiba nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yetu. Baba akikohoa, nasimama mlangoni kwake kusikiliza. Chakula hakipiti. Halafu akaanza kunywa chai bila sukari, yeye ambaye tulikuwa tukimficha sukari! "Siku hizi siitamani tu," alisema. Suruali zikaanza kumpwaya. Na kila Jumamosi akawa anakwenda Mkuyuni kununua ndizi. Ndizi! Sokoni Morogoro zinashushwa kutoka milimani mpaka nyingine zinaozea pale pale, yeye anazifuata Mkuyuni, na anarudi na chane moja. Niliogopa kwamba naye anakufa, na kwamba safari hii pia nitakuwa wa mwisho kujua.

Jumamosi moja asubuhi nikamsubiri mlangoni kabla hajatoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, unaumwa?"

Shangazi akatoka jikoni mbio. "We mtoto, usimletee baba yako uchuro! Hebu nenda dukani kalete chumvi."

"Chumvi ipo," nikasema. Sikuondoka mlangoni.

Baba akaweka kikapu chini. "Nina kisukari," akasema. "Dawa nafuata Mkuyuni. Hapa mjini majirani wangekuambia kabla yangu."

"Sasa mbona wewe hukuniambia?"

Nililia kwa hasira, nikamwambia Mkuyuni tunakwenda wote. Cha ajabu, kabla ya kutoka nilimaliza bakuli zima la uji. Habari ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa ya kweli, na nilikuwa nimepewa na mwenyewe.

Kwenye zahanati ya Mkuyuni, nesi alimwita baba ndani, mimi nikafuata. Akanitazama. "Mdogo wangu, hebu kasubiri nje kidogo."

Nikageuka kutoka, nilishazoea. Baba akanishika mkono.

"Hapana, nesi," akasema. "Huyu abaki."