Unga wa Jiwe Jeusi

Jiwe likipasuliwa kwa nyundo hutoa harufu kavu, kama ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nikiisikia harufu hiyo popote, hata kando ya ghorofa linalojengwa mjini, narudi Mpepai, nyuma ya jiko la Bibi, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni na migomba ikidondosha maji. Bibi ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha, anagonga kokoto za watu wanaojenga. Jiwe lake lilikuwa jeusi, lenye chembe zinazometameta. Kokoto zilichukuliwa, vumbi likabaki palepale, na mvua ikalifanya tope la kijivu. Mwaka mmoja mbegu ya boga iliota katika tope hilo. Majani yake yakawa mapana kama sinia, ya kijani kizito, ilhali maboga ya shambani yalikuwa yamejikunja. Bibi aliweka nyundo chini akalitazama lile boga kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Wakati huo shamba lake la mteremkoni lilikuwa limechoka. Maharage yalitoka ya njano na maganda yakawa mepesi mkononi. Baba mdogo, kitinda mimba wa Bibi tuliyeishi naye, alisema ardhi ile imekwisha, bora apande mikaratusi. Alikuwa ameshaleta miche kwenye viriba, akaipanga kwenye ukuta wa jiko. Walikubaliana hivi: maharage ya msimu ule yakishindwa tena, miti inaingia shambani. Kazi ya kuimwagilia miche nilipewa mimi. Kila jioni nilitembea na kikombe kutoka kiriba hadi kiriba. Nikiinyima maji, nitagombezwa; nikiipa, itakua na kulimeza shamba la Bibi. Darasani nilitazama dirishani nikaiona mawazoni mikaratusi ikishuka mlimani polepole, imejipanga kama waumini wanaokwenda kupokea komunyo.

Mwezi wa tatu ukafika, msimu wa ngoro, yale mashimo ya mraba yanayofanya milima yetu ionekane kama sega la nyuki. Kwetu mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana. Mwanamke huja nyuma na jembe, akachimba udongo wa katikati na kuyafukia. Kwa hiyo Baba mdogo, aliyetaka miti, ndiye aliyelazimika kumlazia mama yake majani. Bibi alikuwa amechekecha vumbi la mawe hadi likawa laini kama unga wa sembe, nami nilimfuata nikiwa na ndoo. Kabla ya kufukia kila mstari, alinyunyiza unga ule juu ya majani.

"Mama, sasa tunapanda mawe?" Baba mdogo aliuliza. "Tutavuna nini, kanisa?"

"Wewe laza majani."

"Majirani wanatuangalia."

"Waangalie. Wakichoka watakwenda kulima kwao. Tilda, lete ndoo, mwanangu, usimsikilize huyu."

Vumbi lilitua kwenye kope zangu, na dunia nzima ikawa ya kijivu na laini, kilima, jembe, mgongo wa Bibi. Nilitamani tubaki hivyo, mbegu isiote na jibu lisije.

Jibu lilikuja nusunusu. Upande wa chini maharage yalibaki ya njano kama kawaida. Upande wa juu yalikolea kijani, si yote, na maganda yakawa na uzito. Baba mdogo alipita katikati ya ngoro, akavunja ganda moja, akatafuna maharage mabichi, akatema. Sote wawili tulimtazama mdomo.

"Nikipanda miti," alisema mwishowe, "mwakani nitakulazia majani wapi?"

Bibi aliinama akaendelea kuvuna. Miche ikapandwa kandokando ya barabara, isipokuwa mmoja uliokuwa umeshapasua kiriba na kushika ardhi ukutani pale. Ule haukung'oka.

Sasa nina shahada, nimerudi Mpepai kusubiri ajira, na kila siku naitazama simu isiyoita. Mkaratusi ule umepita paa la jiko, na wapitao huuliza bei. Hakuna anayeuliza kuhusu mteremko. Mimi mwenyewe nimejiuliza mno juu yake. Huenda mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri tu. Huenda lile boga lilinenepa kwa maji ya kuoshea vyombo, nami niliyeyamwaga pale sikuliwaza hilo. Nilimwambia Bibi hivyo, akacheka hadi akakohoa. "Basi mwaka huu mwaga na ya vyombo," akasema.

Mikono yake haishiki tena nyundo, hivyo mwezi wa tatu uliopita niligonga mimi. Harufu ikaja ileile. Mteremkoni Baba mdogo, mvi zimemjaa, alilaza mstari wa kwanza wa majani. Nilisimama na ndoo yangu nikiwaza kama jiwe hili ni lilelile, kama nimechekecha vya kutosha, kama kuna mtu aliyewahi kupima. Aligeuka akaniona nimeganda. Jembe nililokuwa nimeliacha chini akaliwekea mguu, nisije nikafukia majani yakiwa matupu, bila unga wa jiwe.

"Mwaga, Tilda," akasema. "Jua linapanda."