Mtu Aliyemkwepa Mjane

Mwanangu wa mwisho alipoondoka Kahama kwenda machimboni Geita na mkwe wangu, aliacha riwaya ya shule chini ya godoro. "Mama, hiki kitabu kimenishinda," aliniambia. "Hata sijui nani ni nani humu." Mvua zilipoanza, mkwe alirudi. Mwanangu hakurudi. Mkwe alimwambia binti yangu kwamba mwenzake kahamia duara lingine, maana mashimo ya dhahabu huko ndivyo wanavyoyaita, na kwamba atapiga simu. Simu gani? Kila nikipiga mimi, naambiwa haipatikani.

Nikaanza kukisoma kile kitabu ili nisiwe kichaa. Nilijidanganya kwamba nikishajua nani ni nani, nitamsimulia akirudi, tutacheka. Jamani, mwandishi yule! Hampi mtu jina wala ukoo. Mara "yule mjane", mara "yule mwenye kikohozi". Sasa mtu usiyejua ni mtoto wa nani utamlilia vipi? Kwetu hata mpita njia akiomba maji tunamuuliza kwanza katoka kwa nani. Basi nikawa napepeta mchele huku nawapeleleza. Mwenye kikohozi ni seremala, tena ni mkubwa kuliko mwalimu, maana mwalimu ndiye anayemwamkia shikamoo. Mjane ana mtoto wa kiume, amesafiri.

Aliyenisumbua ni mwanamume mmoja asiyesema neno. Akimwona mjane anakuja, anaacha njia na kuingia shambani. Akisikia sauti yake uani, anatokea mlango wa nyuma. Chakula cha mjane hakigusi. Nikacheka peke yangu. Huyu si ni mkwe tu, kamuoa binti wa yule mama! Kwetu mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama mkwe, wala hali mbele yake. Wangu mwenyewe akisikia kandambili zangu tu, huyoo, katokomea. Nilikuwa namsifu kwa majirani kwamba kijana yule ana adabu, kalelewa.

Nikaendelea kusoma, nikimtafuta huyo binti. Nilirudia sura baada ya sura, binti hayupo. Mjane alizaa mara moja tu, yule mvulana. Na karibu na mwisho mwandishi anasema, tena bila hata kupandisha sauti, kwamba yule mwanamume alisafiri na mvulana, akamwona akizama, akarudi peke yake, na hana uso wa kumtazama mama wa mvulana.

Mchele ulinimwagikia. Kabla ya Geita, mkwe wangu alinikwepa, ndiyo, lakini alikuwa akisimama nyuma ya ukuta na kupaza sauti, "Shikamoo, mayu!" Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu. Nami niliitikia marahaba, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Tangu arudi sijaisikia hiyo shikamoo. Adabu gani isiyo na salamu? Mungu wangu, nilivyolia kwa hasira! Miezi yote hiyo namsifu.

Nikaenda kwa binti yangu, kandambili nimezishika mkononi. Nilimwita binti kwa sauti nikiwa mbele ya nyumba, kisha nikazunguka mbio hadi mlango wa nyuma. Kama nilivyojua, mkwe akatoka mbio, tukakutana uso kwa uso. Binti yangu akapiga kelele ndani, "Mama, ni mwiko!"

"Mwiko na ufe," nikasema. "Wewe, nitazame. Mwanangu yuko wapi?"

Akakaa chini kwenye tope. "Duara liliporomoka, mayu. Yeye alikuwa chini, mimi nimeshika kamba."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Tulikuwa tunachimba huku tunaongea naye. Baadaye akaacha kujibu."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu.

"Alinikataza, mayu. Alisema usimtishe mama, natoka sasa hivi."