Karatasi ya Mahudhurio

Bamdogo alikuwa binamu wa baba yangu, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa chama chetu katika kanda ya Tarime na Serengeti. Mimi nilikuwa katibu wa tawi pale Turwa. Nilikuwa nakula kwa cherehani. Ukatibu niliufanya kwa sababu yeye ndiye aliyenipa, na kwa sababu nilipenda jinsi watu walivyonyamaza kila aliposimama kuongea.

Siku hizo dhahabu ilikuwa imeleta kila mtu. Kilima ambacho wazee walilishia mbuzi kilitobolewa mashimo kila upande, na vijana wa Shinyanga na Singida walilala humo chini ya maturubai pamoja na vijana wetu. Shimo lake mchimbaji aliliita duara, na alilitunza kuliko nyumba. Kisha ikasikika kwamba kuna mwenye leseni anakuja kuzungushia kilima uzio. Bamdogo alipanda juu ya kifusi akawaambia wachimbaji, "Huo uzio ukipita hapa, utapita juu ya kaburi langu." Walimbeba mabegani mpaka barabarani. Mimi nilifuata nyuma nimeshika viatu vyake.

Wiki chache baadaye tuliitwa kwenye kikao cha kamati iliyoundwa kwa ajili ya kile kilima. Tulikwenda wawili. Tulipewa soda na chapati, tukasikiliza maelezo ambayo nusu yake hatukuyaelewa. Mwishoni ikapitishwa karatasi.

"Ni mahudhurio tu," alisema karani aliyeishika.

Bamdogo akasaini ukurasa wa kwanza. Iliponifikia mimi ukurasa ulikuwa umejaa, nikasaini wa pili.

Siku uzio ulipofika, wachimbaji walioandamana walionyeshwa nakala ya karatasi ile. Juu yake palikuwa na maneno ambayo hatukuyasoma, kwamba viongozi wa wananchi wameridhia. Walionyeshwa ukurasa wa kwanza peke yake, na jina la kwanza lilikuwa la bamdogo.

Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza. Alipojaribu kueleza walimzomea, na sokoni walimwita muuza kilima. Mkutano wa chama ulimvua uenyekiti kwa kunyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha wangu. Nilijiambia hiyo ni nidhamu ya chama. Hakuniuliza kwa nini, wala hakumwambia mtu yeyote kwamba kulikuwa na ukurasa wa pili.

Alikaa miaka kadhaa akilima mahindi na kuongea kidogo. Uchaguzi wa chama ulipokaribia, alikuja kwangu mchana mmoja amevaa shati lililopigwa pasi.

"Binti yangu, nataka kurudi."

"Kurudi wapi, bamdogo?"

"Kwenye kiti. Mtu akianguka anajipangusa vumbi. Sijafa."

Nilimtazama usoni nikaona amekonda mno, lakini macho yalikuwa yale ya juu ya kifusi. Nilifunika cherehani nikaenda naye.

Tulianzia Kenyamonta, kwa mfugaji mmoja aliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Alifurahi sana kumwona. "Mura, rika langu, mimi mwenyewe nitakupendekeza," alisema. "Lakini sheria inataka na mjumbe mwingine wa kuunga mkono. Unaye?"

Bamdogo akanigeukia. "Huyu hapa."

Niliitikia kwa kichwa. Sikuweza kufanya vinginevyo mbele ya wale wazee wawili.

Kesho yake tulikwenda Kewanja, kwa mama mmoja mjumbe ambaye alikuwa anauza uji karibu na nyumba yake. Alitukaribisha, akatupa vikombe viwili, akakaa mbele yetu. Bamdogo alisema amekuja kumwomba msamaha, na baada ya msamaha, kura.

"Kusamehe nimekusamehe," alisema yule mama. "Kanisani tunafundishwa hivyo. Lakini mwanangu alipofukuzwa kule kilimani alikwenda kuchimba shimo la zamani, likamfukia. Nikikupa kura, nitamwambia nini?"

Bamdogo alikunywa uji wake mpaka ukaisha. Alimshukuru, tukaondoka. Njiani nilingoja aseme kwamba basi, tuache. Akasema, "Bado yule wa Kenyamonta yupo. Na wewe upo."

Uchaguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Yule mfugaji alisimama mapema, akamtaja bamdogo kwa sauti. Watu waligeuka. Wengine walicheka chini chini.

"Nani anaunga mkono?" aliuliza msimamizi.

Mama wa Kewanja alikuwa benchi mbili mbele yangu. Nilijua nikisimama, mtu mmoja atauliza, wewe si ulikwenda naye kwenye kile kikao, kwani hukusaini? Hilo tu ndilo nililoliwaza. Sikuwaza kilima, sikumwaza hata yeye.

"Nani anaunga mkono?"

Bamdogo alijua nilipokaa. Hakugeuka. Nilikuwa naona shingo yake na kola ya shati, ambayo nilikuwa nimeigeuza mwenyewe kwa sababu ilikuwa imechakaa. Msimamizi akauliza mara ya tatu, akangoja, kisha akasema pendekezo limeanguka. Mchana ule ule nilichaguliwa kuwa katibu wa kanda. Walinipigia makofi, na yeye akapiga.

Nilipotoka nilimkuta amesimama mlangoni ananingoja, maana tulikuja pamoja.

"Umekula?" aliniuliza.

Kabla ya mavuno alivuka Sirari akaenda kuishi kwa dada yake, upande wa Kenya. Mimi ukatibu niliushika miaka miwili nikauacha. Hakuna aliyenifukuza.

Mimi mwenyewe hujiuliza kama anaweza kurudi. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mvua na watoto. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia kuhusu ukurasa wa pili na kuhusu lile benchi. Dada yake akaleta ugali, tukala, nami nikaishia kusifu mboga.

Wakati wa kuaga nikasema, "Bamdogo, kule nyumbani watu wanakuulizia. Wanasema urudi."

Haikuwa kweli, na sidhani kama aliamini.

"Wasalimie," alisema, akaendelea na mahindi yake.