Mukwa Kwenye Dhahabu ya Warumi

Sonara wa pale mjini Machakos alimwambia mjukuu wangu kwamba kabla ya kumchukua kama mwanafunzi, amletee picha moja aliyoigonga kwa mkono kwenye bati la shaba. Ya kuiga akamtumia kwa simu: sarafu ya dhahabu ya Warumi wa zamani. Upande mmoja mfalme anatazama kando, kichwani majani. Upande wa pili mama amesimama, mkononi masuke ya ngano. Huyo mama ndiye alitakiwa.

Msichana alikuwa amekaa tu nyumbani tangu amalize shule, na sonara mwingine hatukuwa tunamjua. Kwa hivyo tuliiangalia hiyo simu mpaka ikaisha chaji.

Sarafu yenyewe ilikuwa imelika. Kwenye paji la uso la yule mama ulibaki mstari tu. Mjukuu akaniuliza mimi bibi yake, "Susu, huu si mukwa?"

Nikavaa miwani. Ulikuwa mukwa kabisa, ule ukanda wa ngozi tuliokuwa tukiuweka kichwani, mtungi wa maji umelala mgongoni. Wenzangu wa mtoni nawakumbuka kila mmoja kwa jina, na kila mmoja alikuwa na mfereji wa huo ukanda hapa juu ya nyusi, kama wangu. Mjukuu akaupitishia kidole, akarudi kwa nyundo yake. Mama wa Kirumi akapata ukanda, akapata na mzigo mgongoni.

Nilimsindikiza kuipeleka ile shaba. Sonara aliangalia, akacheka mpaka akashika meza. Akatueleza kuwa huo mstari ni taji, na huyo si mtu, ni mungu wao wa mavuno. Mungu habebi mzigo.

Mtoto akaitazama shaba yake. Nikadhani ataomba msamaha, turudi nyumbani Kyumbi. Lakini akasema, "Na hayo mavuno, nani alimbebea?"

Sonara aliacha kucheka. Aligeuza ile shaba, akaipapasa polepole kwa nyuma, pale nyundo ilipopita. Halafu akasema mkono uko sawa, ila kuangalia bado, na kuangalia kunafundishwa. Aje Jumatatu na aproni, aanze na mama huyo huyo, sasa na taji.

Njiani tulinunua kitambaa cha aproni. Alitaka cheusi, kisionyeshe uchafu. Nilikishona Jumamosi, nikakitia mifuko miwili mikubwa, na Jumatatu alitoka nyumbani chai yake haijapoa.