Mchoro Uliogeuka Kombe

Jirani yangu Alio ni mchoraji, na hapa Garissa hiyo si kazi ya kumtajia mkwe. Mwenye ngamia anajulikana, mwenye duka anajulikana, hata anayeshinda ofisini bila kufanya kitu anajulikana. Alio anajaza karatasi kubwa kwa mistari iliyosukana kama mikeka ya wafugaji, bila mtu, bila mnyama, na katikati ya mistari anaandika maneno kwa mkono. Maneno ni ya Kisomali ila herufi ni za Kiarabu, zile alizofundishwa madrasa, na wino anautengeneza mwenyewe kwa mkaa na gundi ya mgunga. Ukimuuliza picha ni ya nini, anasema, "Tazama tu."

Mama mmoja wa maonyesho kutoka Nairobi alitazama, akasema anaona ukimya wa jangwa. Nilicheka hadi chai ikanipalia, maana mimi najua kilichoandikwa mle. Ni masimango ya mama mkwe wake.

Bi Arbia wa Griftu hakumtaka Alio tangu siku ya posa. "Mtu wa makaratasi atamlisha binti yangu wino," alisema mbele ya wazee, na kila akija mjini huja na jipya. Alio hajibu. Kwetu mkwe hainuliwi sauti, na yeye adabu anazo mpaka zinakera. Huinama, huitikia "Haye, hooyo," yaani sawa, mama, kisha huingia chumbani kuandika alichoambiwa. Mchoro mkubwa kuliko yote, ambao gari la Nairobi lingeuchukua Alhamisi, ulibeba masimango ya miaka yote ya ndoa. Aliutolea jasho. Alitamani kwa mara moja tu kazi yake ionekane na watu, na jina lake liwe chini yake.

Jumanne Bi Arbia akaingia, safari hii mgongo umemkaza hata kusali anasali ameketi. Kesho yake Ilhan, mke wa Alio, alikwenda sokoni, na Alio akatoka kununua kamba ya kufungia mchoro. Bibi akabaki peke yake. Kusoma hajui, lakini kombe analijua tangu utotoni: shehe huandika dua kwa wino wa mkaa, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Basi akaona ukutani kombe kubwa ajabu. Kumbe mkwe kamwandalia dawa, na aibu inamzuia kusema! Akaliweka kwenye beseni, akalisugua taratibu kwa heshima zote, akanywa mpaka akatosheka.

Alio alikuwa amenipitia nimsaidie kufunga mzigo. Tulipoingia uani, karatasi nyeupe ilikuwa kwenye kamba ya nguo, inachuruzika maji, na Bi Arbia amesimama wima anafagia.

"Mwanangu," akamwita. Neno hilo hakuwahi kumpa. "Mungu akulipe. Mgongo umelegea. Mimi nilikudhania mtu wa bure! Uliniandikia dua gani?"

Nilimwonea huruma rafiki yangu. Akisema ni dua, amemzulia Mungu. Akisema kweli, amempoteza mkwe aliyempata sasa hivi. Nilimkonyeza aseme amesahau.

"Si dua, hooyo. Ni maneno yako."

Akamsomea kwa kichwa, yote: mtu wa makaratasi, mume wa kivulini, afadhali binti yangu angeolewa na punda wa maji, punda jioni hurudi na kitu. Bi Arbia akaketi polepole juu ya ndoo. Nadhani mgongo ulikuwa umemrudia.

"Na wewe ulinijibu nini?"

"Sikujibu."

"Hata moja?"

"Wewe ni mkwe wangu."

"Ndicho nilichokuwa nakichukia!" akafoka. "Nakuchokoza nione kama ndani kuna mtu, wewe unainama. Binti yangu nimemwoza nani, mkeka?"

Alio akaitazama karatasi kambani. "Umeharibu kazi yangu!" Sauti ilimtoka mpaka jirani wa pili akachungulia. "Kazi yangu, hooyo! Umeisugua kama sufuria!"

Nilishika kichwa. Bi Arbia alimkodolea macho, kisha akavuta kigoda, akakiweka kando yake.

"Haya," akasema. "Kaa. Endelea."