Mfagiaji wa Kona ya Mwisho

Aliyenifundisha uwanja ule wa mbio za magari hakuwa na hata leseni. Alikuwa mfagiaji wake. Kila asubuhi aliuzunguka kwa miguu, viatu mkononi, akitembea kinyume na mwendo wa magari, kwa sababu ukitembea hivyo, alisema, unayaona makosa ya watu yakikujia usoni. Makosa yenyewe ni michirizi myeusi ya matairi. Kwenye kila mchirizi alisimama, akaguna, akaupapasa kwa unyayo. "Huyu alichelewa breki. Huyu aliogopa tu." Mimi nilikuwa nimeuza duka langu la vipuri ili ninunue gari moja la mbio, nikiligonga, basi, sina kitu. Tulipofika kona ya mwisho, ile ya kasi kuliko zote, nikaanza kupatana naye kama niko sokoni.

"Mzee, nikikanyaga breki pale kwenye nguzo je?"

"Umechelewa."

"Hatua kumi kabla ya nguzo?"

"Mwanangu, kona hii ina bei moja," akasema, akacheka mpaka ufagio ukamponyoka.

Siku ya mbio nilimwona nyuma ya ukuta, hatua thelathini kabla ya nguzo, ameuinua ufagio juu kabisa. Mizunguko ishirini nilikanyaga breki usawa wake, na mkono haukushuka. Nilimaliza wa sita, gari zima.

Gari lile nilishaliuza, tena kwa faida. Uwanja nao siku hizi una vibao vya mita vinavyong'aa, vya kumwonyesha dereva pa kukanyaga breki. Nikialikwa kuendesha, nakanyaga breki palepale, na jicho bado linatafuta ufagio.