Nilivyomsemea Mjomba

Jumapili moja mchana, nyumbani kwetu Kibaha, mume wangu aliweka sinema ya vita, zile zenye mtafsiri wa Kiswahili anayechomekea na utani wake. Askari alirudi peke yake kwenye risasi kumfuata mkalimani wake, mwenyeji aliyewahi kumbeba mgongoni alipojeruhiwa. Wanangu wakapiga makofi. Mume wangu akanigeukia akicheka: "Mkalimani wetu, wewe ulimbeba nani?" Nikaenda jikoni kujifanya naangalia maharage.

Maana nami niliwahi kuwa mkalimani, siku moja tu. Nilikuwa nafundisha Kiingereza Kisarawe, na wazungu wa mradi wa kupanda miti wakaniomba twende wote Maneromango. Kumbe shamba walilolitaka ni la mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alifurahi kuona aliyeletwa ni mimi, si mtu baki. Akasimama katikati ya mikorosho yake, akasema, "Waambie sitoi. Baba yangu kalala humu. Wakirudi, nitawatoa kwa panga."

Hatukulelewa kumwambia mgeni maneno kama hayo, tena madafu yetu bado yako mkononi mwake. Na nisijisafishe: niliona haya kwamba huyu wa panga ni mjomba wangu mimi, mwalimu. Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba anashukuru kwa ujio wao, jambo ni zito, atalifikiria. Mzungu mmoja akatabasamu, akaandika. Mjomba alipoliona lile tabasamu akajua ameeleweka, akaniangalia kwa fahari.

Baadaye mipaka ilipowekwa, mjomba alikwenda kupinga. Akaoneshwa karatasi: siku ile hakukataa. Mikorosho ilipong'olewa mimi nilikuwa nimeshahamia Kibaha. Kaburi la babu limebaki ndani ya uzio, na mjomba akitaka kulizuru humwomba mlinzi.

Wiki moja baada ya ile sinema nilimfuata Kisarawe, anakoishi sasa kwa binti yake. Nilikuwa nimekwenda kusema ukweli, wallahi. Nilimkuta barazani na jirani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu!" Akamgeukia jirani. "Ndiye huyu mpwa wangu niliyekwambia. Aliwafikishia neno kwa neno, bila woga. Wao ndio walioandika uongo."

Jirani akasimama kunipa mkono. Nikaupokea kwa mikono miwili.